Mche Haushukuriwi

Kila mtu wa bonde letu analijua jambo hili tangu hajaota meno: mche haushukuriwi. Ukipewa mche, au mbegu, au hata kijiti cha kuotesha, unapokea, unaitikia kwa kichwa, unakwenda zako. Ukisema asante, umeua. Mmea utanyauka na kukauka, na aliyekupa atajua mmea umeuawa na mdomo wako. Ada hii ilitoka wapi sijui, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza. Sisi wa milima ya Kentucky tuna mengi ya namna hiyo, na hatufundishani. Mtoto anaona mama yake anafunga mdomo, naye anafunga wake.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu nataka kuwasimulia habari za wifi yangu Rosalind, mke wa kaka yangu Denver, na nisingelisema kwanza mngetuona sote majuha. Huenda mtatuona majuha hata hivyo. Mimi mwenyewe nimetuona hivyo mara nyingi tangu mwaka ule, na bado nikikumbuka nabaki mdomo wazi.

Rosalind hakuwa wa kwetu. Alizaliwa Cincinnati, mjini, baba yake mwoka mikate. Denver alikwenda huko kutafuta kazi akaipata katika kiwanda cha viatu, akampata na yeye. Baba yetu alipofariki, Denver alirudi kumwangalia mama na shamba, na mkewe akaja naye katikati ya majira ya baridi, amevaa viatu vyembamba vya mjini na kofia yenye unyoya. Tulimcheka kidogo, kwa siri. Hatukuwa na ubaya naye.

Kilichotuchekesha zaidi ni asante zake. Alimshukuru aliyempitishia chumvi, alimshukuru aliyemfungulia mlango, na siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akimshukuru mbwa kwa kumpisha njia. Mama yetu, Vesta, ambaye alikuwa hasemi neno mpaka alipime, aliniambia kwamba huyu binti atazimaliza asante zote kabla ya Pasaka na itabidi tumwazime za kwetu.

Basi ikaja ile Aprili yake ya kwanza. Mama alikuwa na mbegu za maua ya mwezi alizorithi kwa mama yake. Ni mmea unaotambaa, majani yake mapana kama moyo, na ukifika mwisho wa kiangazi unatoa maua meupe makubwa kama visahani, yanayofunguka jua likizama, mbele ya macho yako, na kufunga asubuhi. Harufu yake inaingia mpaka chumbani. Mama alioteshea miche yake dirishani, ndani ya makopo ya kahawa, na siku hiyo alichagua mizuri kuliko yote akampelekea mkwewe. Kwa mama yetu, hiyo ilikuwa sawa na kumwambia kuanzia leo wewe ni mwanangu.

Rosalind aliyaweka makopo chini, akamkumbatia, akasema asante, mama, asante sana, asante sana. Nilikuwepo. Mama alikakamaa mwili mzima. Aliyatazama yale makopo kama mtu anavyotazama mayai yaliyokwisha kudondoka, akaaga, akaenda zake nyumbani bila kunywa kahawa.

Na kweli miche ikafa. Rosalind kwa furaha yake aliitoa siku hiyo hiyo akaipanda kwenye jua kali, miche iliyokuwa haijapigwa hata na upepo. Kufikia jioni majani yalikuwa meupe kama karatasi. Iliyobaki ikachukuliwa na jalidi, ule umande unaoganda usiku, baada ya siku chache. Mama alikuja akasimama pale, akatazama, akasema, "Nilijua."

Rosalind alielewa kwamba mama alijua binti wa mjini hawezi kulea mmea. Mimi nilielewa kwamba mama alijua tangu ile asante ya kwanza. Haikunijia kabisa akilini kwamba hapo palikuwa na mambo mawili ya kujua.

Rosalind aliumia, lakini hakuwa mtu wa kukaa chini na maumivu. Mwaka uliofuata aliomba mbegu nyingine kwa Denver, asizipokee mkononi mwa mama, akajifunza. Alikwaruza ganda la kila mbegu kwa tupa ya kucha, maana ganda la ua la mwezi ni gumu kama kokoto, akaziloweka katika maji ya uvuguvugu, akazipanda ndani ya makopo nyuma ya jiko ambako pana joto. Na ilipofika Mei akaanza kuizoesha miche nje. Saa moja tu barazani, kivulini, kisha ndani. Kesho yake saa mbili. Halafu jua kidogo la asubuhi. Halafu upepo. Kila jioni makopo yote yanarudi ndani, na kila asubuhi yanatoka tena. Mume wangu Estill alikuwa akisema miche ya Rosalind inatoka na kuingia kuliko paka, ila tu yenyewe haikwaruzi mlango.

Wala hakuipanda ardhini kabla ya baridi ya beri. Kwetu majira ya kuchipua yana baridi kadhaa za kurudi, kila moja na jina la mti unaochanua wakati huo, na ya mwisho inakuja vichaka vya beri nyeusi vikiwa vyeupe kwa maua. Wengi wetu, ndiyo, sisi wazaliwa, tunajisahau siku tatu za joto zikipita tunatoa kila kitu nje, kisha asubuhi moja tunalia. Rosalind hakujisahau tena maisha yake yote.

Basi ikawa miche yake haifi na yetu inakufa. Akaanza kutugawia. Kila mwaka, baridi ya beri ikishapita, alipanga makopo kwenye toroli, akapanda nalo bonde zima, nyumba hadi nyumba, mpaka kule juu kabisa kwa Arliss Gayheart, mzee aliyekuwa hasemi na mtu hata kanisani. Na kila nyumba alipokelewa kwa heshima zote. Tulikuja mlangoni wenyewe, hatukutuma watoto. Tulipokea kwa mikono miwili. Arliss alikuwa akivua kofia, anapokea, anainamisha kichwa, na kufunga mlango polepole usitoe sauti. Mtu akikufanyia hivyo kwetu, ujue amekuweka mahali pa juu.

Na tulilipa, msidhani sisi ni watu wa kula tu. Kila majira ya majani kupukutika, Rosalind alikuta ngazini kwake kuni zilizopasuliwa na kupangwa, mitungi ya asali, mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Bila jina, maana ukitaja jina na sababu utakuwa umeshukuru kwa mlango wa nyuma. Yeye alivibeba ndani na kumwambia Denver, ndugu zako wanakupenda. Hilo nimelijua baadaye.

Kwa hiyo hebu tazameni picha niliyokuwa nayo mimi. Bonde zima, kiangazi kikiisha, kila baraza imefunikwa na mmea wa Rosalind. Watu wanamaliza maharage yao na mkate wa mahindi, wanavuta viti nje, wanasubiri. Ua linatetemeka, linafunguka, mtu anasema "hilo", mwingine anasema "na lile pale". Tukiwa na mgeni tulimwambia haya ni ya Rosalind. Hatukusema maua ya mwezi, tulisema ya Rosalind. Nilidhani hakuna mwanamke anayependwa hapa kuliko wifi yangu, na nilidhani anajua. Nilimwonea hata wivu kidogo, nisiseme uongo.

Denver alifariki Februari, kifua cha mgodini. Alikuwa ameacha viatu akaingia makaa ya mawe kama sisi sote tunavyoingia. Tulimzika kule kilimani nyuma ya nyumba, walipo baba na mama. Rosalind hakulia mbele za watu. Mwezi wa Aprili nikaona makopo dirishani kwake nikashukuru Mungu, nikasema mwanamke anayeotesha mbegu ameamua kuishi.

Siku moja katikati ya Mei nilikwenda asubuhi kumsaidia kutoa makopo nje, kwa kuwa mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Nikaingia kwa mlango wa jikoni kama kawaida yangu, sibishi hodi kwa kaka yangu. Kabati lilikuwa tupu. Sahani zimefungwa katika magazeti. Picha zimeshushwa ukutani, zimeacha alama. Masanduku yamepangwa hadi mlangoni, na katikati ya vurugu hiyo, mezani, miche yake imesimama kijani kibichi, mizuri kuliko mwaka wowote.

Nilipigwa na butwaa, nikashika kiti. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia kwa sauti ile ile ya kuomba kijiko kwamba dada yake anakuja kumchukua Jumamosi, anarudi Cincinnati, na nyumba atamwachia mtoto wa binamu yetu. Alikuwa anangoja tu baridi ya beri ipite atugawie miche.

"Ugawe miche, halafu uondoke bila kuaga?" nikasema. "Wifi, ni mtu gani anafanya hivyo?"

Akaweka kopo alilokuwa ameshika. "Nikuulize na wewe, Delphia. Tangu nimefika hapa, kuna mtu hata mmoja wa bonde hili aliyewahi kuniambia asante?"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, nikidhani ananitania.

"Asante ya nini tena? Ya miche?"

"Ya miche."

"Mungu apishe mbali," nikasema.

Akanitazama. Nimetazamwa vibaya na watu wengi kwa sababu ya ulimi wangu, lakini sijatazamwa vile kabla wala baada. "Umeona," akasema. "Hata wewe."

Hapo ndipo akamwaga yote, amesimama, mikono imekunjwa kifuani. Akasema miaka ya mwanzo alipanda bonde na toroli lake akiwa na matumaini, kwamba pengine mwaka huu mmoja wao atafungua mdomo. Alirudi nyumbani analia njiani, ananawa uso kijitoni Denver asijue. Arliss Gayheart alikuwa anamfungia mlango usoni kila mwaka, anaufunga taratibu kabisa, kama vile yeye hastahili hata mlango wa kubamizwa.

Nikauliza swali la kijinga, lakini ndilo lililokuja. Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kutugawia miche.

"Kuwakomesha," akasema Rosalind. "Baadaye ilikuwa ya kuwakomesha. Nilisema mtakaa jioni chini ya kitu changu, mnuse kitu changu, mwaka baada ya mwaka, mpaka aibu iwaingie mmoja mmoja. Haikuwaingia. Sijaona watu wenye roho ngumu kama ninyi."

Nikakaa juu ya sanduku la vyombo. Fikirini mtu anaishi nyumba ya jirani nawe zaidi ya nusu ya maisha yako. Unadhani anakupenda kwa kuwa anakupa maua, naye anakupa maua kwa hasira. Naye anadhani unamdharau kwa kuwa hufungui mdomo, na wewe umefunga mdomo kwa heshima. Niliogopa. Nilihisi kama nimeambiwa nyumba yangu haina msingi na sijawahi kuchungulia chini.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa kigugumizi, nikirudiarudia. Kwamba mche haushukuriwi. Kwamba ukisema asante unakauka. Kwamba kila mtu anajua. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Akavuta kiti akakaa, na uso wake ulibadilika rangi.

"Mama yako," akasema. "Ile siku ya kwanza. Aliposema alijua."

"Alikuwa anasema ile asante yako."

"Si jua? Si jalidi?"

"Asante yako, wifi."

Kisha akauliza kama Denver alijua ada hiyo. Nikasema Denver amezaliwa humu ndani, angeachaje kujua. Labda alidhani mama amemwambia. Mama alidhani Denver amemwambia. Mimi nilidhani haiwezekani mtu akae hapa muda wote huo asijue. Na yeye hakuuliza, kwa sababu mtu haulizi kwa nini hapendwi, anakufa na tai shingoni.

"Denver alikuwa akiniambia, hawa watu wanakupenda sana, Rosie," akasema. "Kila nikirudi na lile toroli. Wanakupenda sana. Nilimwona mwongo. Nilisema moyoni, mume wangu ni mtu mzuri lakini anaona aibu kwa ajili ya ndugu zake, kwa hiyo ananidanganya. Nimekaa naye miaka yote nikijua ananidanganya. Nimemzika nikijua hivyo."

Nilitoa yale makopo nje, moja moja, nikayapanga kivulini, kwa sababu ndilo jambo pekee mikono yangu ilijua kufanya.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimewaka. Nilimgombeza Estill kama vile yeye ndiye aliyeianzisha ada. Akajitetea kwamba kumweleza Rosalind ilikuwa kazi ya kaka yangu, nikamwambia kaka yangu yuko kaburini na wewe una mdomo. Jioni hiyo niliwaita majirani, wakajaa barazani kwangu, na nikawaambia bila kupaka sukari. Watu walishikwa na bumbuwazi. Mama mmoja alisema haiwezekani, akarudia haiwezekani mpaka nikamwambia anyamaze. Arliss Gayheart alikuwa ameketi ngazini, kofia magotini.

Wakaanza kutafuta njia za mzunguko. Mmoja akasema tumshonee blanketi la viraka lenye majina yetu yote. Estill akasema tumshukuru kwa kitu kingine, kwa keki zake, kisha tumkonyeze. Nikamwambia mwanamke amengoja kushukuriwa kwa miche, si kwa keki, na keki zake zilikuwa kavu. Kila mtu alijua maana ya kushukuru kwa miche. Denver hayupo, Rosalind anaondoka, mbegu za mama yetu zimebaki katika makopo yale tu. Tukifungua midomo, tunayamaliza.

Arliss akauliza, "Ukishukuru, inakufa yote, au ya aliyeshukuru tu?"

Msicheke. Tulilifikiria swali lile kwa makini sana. Tukakubaliana, bila kuwa na hakika, kwamba ni ya aliyeshukuru tu. Arliss akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, akiitazama kofia yake, kwamba mkewe Ollie kiangazi chake cha mwisho aliomba kitanda kitolewe barazani, chini ya maua ya Rosalind, akawa anayahesabu yakifunguka mpaka usingizi umshike. Tangu hapo, jioni Arliss hukaa palepale kitanda kilipokuwa. Alisema hayo akasimama akaenda kwake. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Baridi ya beri ilikuja Jumatano, na jalidi juu ya majani asubuhi, ikaondoka. Jumamosi kulikuwa na jua laini. Gari la dada yake lilikuwa limesimama uani, milango wazi, na Rosalind amepanga makopo kwenye ukingo wa baraza. Safari hii hakupanda bonde. Bonde lilimshukia. Watu walikuja kwa miguu wamevaa nguo za kanisani, wanaona haya, wanatazama chini.

Arliss alitangulia. Alivua kofia. Rosalind akamnyooshea kopo lake, na yeye akalipokea kwa mikono miwili kama kawaida. Kisha akabaki amesimama.

"Asante, Bi Rosalind," akasema. "Asante kwa haya. Na kwa yale ya mwaka alipokufa Ollie, asante."

Niliona wanawake wakiziba midomo. Mtu nyuma yangu alivuta pumzi kama amemwagiwa maji baridi. Arliss alilikumbatia kopo lake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akasogea pembeni. Halafu akaja mwingine akasema asante. Halafu mwingine. Wengine walilisema huku wamefumba macho. Estill alilisema haraka haraka kama anayemeza dawa. Na mimi, ambaye nasemwa nina ulimi wa upanga, neno hilo moja lilinilemea, likatoka kwa kukwaruza. Rosalind alimjibu kila mtu, "Karibu." Hakulia. Alilishika kopo langu kidogo kabla ya kuliachia, vidole vyake juu ya vyangu.

Niliamini atabaki. Nani asingeamini? Estill alikwisha kwenda garini kuanza kushusha masanduku. Rosalind akamwambia ayaache.

"Nimewasikia," akatuambia. "Nimefurahi kuwasikia. Lakini mtu niliyepaswa kumwamini yuko kule," akaonyesha kilima nyuma ya nyumba, "na siwezi kuamka kila siku namtazama."

Akaingia garini. Dada yake, maskini, hakuelewa lolote, akatupungia mkono. Tulibaki uani kwa kaka yangu, kila mmoja na kopo lake, hatuna pa kuangalia.

Tuliipanda miche ile kama watu wanaozika. Nilichimba shimo chini ya nguzo ya baraza, nikaisimika, nikakaa kusubiri ife. Wiki ya kwanza sikukaribia. Wiki ya pili nikaona kikonyo kipya. Nikasema bado, mauti yana wakati wake. Kufikia Julai miche ilikuwa imefika paani. Nilimuuliza jirani kwa mbali yake vipi, akaniambia yake inapanda tu, akageuza uso. Hatukutaka kulizungumza. Kiangazi kile watu hawakutembeleana jioni kama zamani, kila mtu alibaki kwake na mmea wake. Arliss alionekana akiushikashika mmea wake kwa vidole, anageuza majani, kama anatafuta mahali pa ugonjwa.

Mwezi wa Agosti, jioni, ua la kwanza likafunguka kwangu. Kubwa, jeupe, halina hata doa. Estill alisimama akalitazama akasema, "Halikufa." Nikamwambia naona, nina macho. Usiku ule sikukaa nje. Kesho yake yakawa manne, na keshokutwa sikuyahesabu. Arliss naye yakawa yamechanua, na wote wengine. Hakuna mche hata mmoja uliokauka katika bonde zima.

Ndipo Rosalind akapiga simu. Aliniuliza habari zangu, za Estill, za mvua. Mimi najibu, nangoja, maana nilijua kinachokuja. Na kikaja.

"Yamekauka, Delphia?"

Estill alikuwa kando yangu, amesikia. Alinikazia macho, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa: sema ndiyo. Na nilimwelewa. Nikisema yamekauka, itakuwa kimya chetu chote kilikuwa na sababu. Itakuwa mama alikuwa sahihi. Arliss atakuwa ametoa kitu kikubwa kwa ajili yake, na sisi sote pia. Uongo ule ulikuwa umeshafika mdomoni, mtamu, tayari. Lakini Rosalind alikuwa ameishi na neno moja alilodhani ni uongo mpaka akamzika aliyemwambia. Nisingemwongezea uongo wa kweli.

"Hapana, wifi," nikasema. "Yamechanua."

"Yako?"

"Yangu. Ya Arliss. Ya kila mtu."

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Basi mngeweza kusema," akasema. "Wakati wote ule. Mngeweza tu kusema."

Hakukata simu, wala mimi sikukata. Tulikaa hivyo, mimi nikimsikia yeye analia, na yeye akinisikia mimi.